Kiti cha Mlangoni

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji naye amepona kile kikohozi anachokataa kwamba ni cha sigara. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ile mito uliyotushonea imeleta ugomvi ndani ya nyumba, kila mtoto anataka wa mwenzake. Binti mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka amefumba mdomo. Duka langu ni lilelile, meza moja na kioo kimoja, pembeni ya posta. Watu bado wananiletea saa zilizojaa maji na kuniapia kwamba hazijawahi kuona hata umande.

Sasa nikupe habari inayonifurahisha. Unakumbuka nilikuandikia kwamba wamenichagua kiongozi wa wahudumu wa mlangoni kanisani? Jambo moja lilikuwa linanikera moyoni. Kila Jumapili tunapokea watu mia mbili, tunawapa mikono, tunawaonyesha viti, wanakaa, wanaimba, wanaondoka, na hatujui nani kati yao ameamka na njaa. Nikaliombea mwezi mzima. Nikapata wazo. Tumeweka kiti kimoja peke yake, kushoto kwa mlango, mgongo ukutani. Mchungaji akatangaza kwamba mwenye shida asiyeweza kuitamka na akae pale tu. Hana haja ya kunyoosha mkono wala kuandika jina. Ibada ikiisha, mmoja wetu anamwinamia na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Una shida gani?" Basi, ni hivyo tu.

Dada, kiti kinafanya kazi. Tangu Septemba wamekikalia watu kumi na mmoja. Kuna mama alikuwa hajapata usingizi siku nne kwa sababu ya mtoto mgonjwa, wanawake wakagawana zamu za kumshika mtoto ili mama alale. Kuna mpiga pasi alikuwa amefiwa na hana hata mtu mmoja wa kulia naye. Mchungaji anasema hiyo ndiyo ibada yenyewe, nyimbo ni mapambo. Makanisa manne ya jirani yameomba nikawafundishe wahudumu wao. Usinicheke.

Kiti chenyewe alikitengeneza mjomba. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajafunga karakana. Nilimweleza ni cha nini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nisikipake rangi. Kifanane na vingine, mtu asione haya." Yeye hajambo. Tena siku hizi anakuja kusali kwetu, ingawa kanisa lake liko ng'ambo tu ya reli na la kwetu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Jumapili mbili mfululizo amekuja, kavaa lile koti zito alilolivaa siku ya harusi yangu, amependeza kweli. Na fundi hakai mbali na kazi yake: mara zote mbili nimemkuta ameketi kwenye kile kiti anakikagua. Nikamtania, "Mjomba, miguu yake bado imara, usiogope. Nyanyuka uwaachie wenye shida." Akacheka, akanyanyuka.

Niandikie. Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kijiti


2 Februari

Kijiti,

Marahaba. Tumepokea barua yako na tumefurahi, hasa shemeji yako, aliyesema kwamba hata huko mbali mna muda wa kumsema. Kikohozi kipo. Sigara nazo zipo, anazificha kwenye kiatu cha mvua na anadhani sijui. Mimi ni mzima. Pale hospitali tumepewa mashuka mia nne ya kupindia ncha kabla mwezi haujaisha, na cherehani mbili kati ya nne zimegoma. Mwenzangu wa meza ya pili alijitoboa kidole na sindano, akaniambia nisimwambie msimamizi, nami sikumwambia. Mwambie wifi nitashona mito mingine, yote ya rangi moja, tuone watagombania nini.

Kiti chako nimekipenda. Nimekaa nikakifikiria jioni nzima na kazi iko mapajani. Sikuwa najua kwamba mdogo wangu aliyekuwa anaficha mkate chini ya shati angekuja kuwa mtu wa kuwaza hivyo.

Sasa nina maswali, nawe unijibu bila utani wako. Januari kwenu ni joto. Mwenyewe uliniambia mchungaji wenu anahubiri na kitambaa mkononi cha kujifuta jasho. Mjomba amevaa koti zito kwa nini? Huyu ni mtu aliyekwenda harusini kwangu na shati la mikono mifupi mpaka nikamgombeza. Alivaa nini chini ya koti? Ulipomsalimu alikupa mkono? Na karakana ameifunga kwa nini? Uliniambia mwaka jana kwamba amechoka, nikakubali. Lakini siku mbili baada ya kumzika mama alishika randa akatutengenezea kitanda, kwa sababu sisi wawili tulihitaji pa kulala kwake. Mjomba alianza kuchoka lini?

Desemba nilimtumia shati jeupe nililolishona mwenyewe. Umeliona mwilini mwake? Hajaniandikia kama limemkaa.

Usiniulize kwa nini nauliza. Nenda kwake ukamwone.

Dada yako


25 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sote tu wazima, isipokuwa mtoto wa mwisho aliyemeza kifungo, na kifungo kimeshatoka, kwa hiyo wazima kabisa. Wifi yako ameanza kuoka mikate ya kuuza na nyumba nzima inanukia vizuri kuliko tunavyostahili. Mimi nimepata saa ya ukutani ya benki, kubwa kuliko mlango wangu, nimelazimika kuitengenezea nje kwenye barabara huku wapita njia wakiniambia inachelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ilinikwaza kidogo, Dada, sitakuficha. Miezi mitano sasa kazi yangu ni kuwatambua wenye shida, na wewe uliye mbali unanihoji kama karani. Mjomba ni mtu mzima. Akihitaji kitu, ana mdomo.

Koti nadhani ni la heshima ya ibada. Lilifungwa kifungo kimoja, kile kikubwa cha katikati. Chini yake sikuona kitu. Ulitaka nitazame nini, kifua cha mjomba wangu? Mkono hanipi siku hizi, ananipa kiwiko, ni utani wake mpya. Shati lako sijaliona.

Nikwambie kitu kitakachokutuliza. Alirudi tena Jumapili ya tatu, na akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Nikasema hapana, mzee huyu leo lazima apewe heshima yake. Nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka safu ya mbele, nikamnong'oneza mchungaji. Mchungaji akamsimamisha, akawaambia watu, huyu ndiye fundi aliyetengeneza kile kiti, na nusu ya mabenchi mnayokalia. Kanisa zima likapiga makofi. Mjomba alisimama pale mikono ameitia mifukoni, anatazama chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilijisikia vizuri sana.

Tangu siku hiyo hajaja. Labda amerudi kusali kwake ng'ambo ya reli. Nitampitia, nakuahidi, ila tarehe ishirini na tisa Machi nina ile semina ya makanisa manne, mada ni "Kumtambua Mhitaji," na bado sijaandika hata nusu. Nikiimaliza tu nitakwenda.

Mdogo wako,
Kijiti


11 Machi

Kijiti,

Marahaba. Sote wazima. Wifi nampongeza kwa mikate.

Hukujibu swali langu hata moja, na umeyajibu yote.

Wewe unayetoa skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga kwenye saa ya mtu, mjomba wako amekaa mbele yako Jumapili tatu. Hakuna mtu duniani aliyejua kile kiti ni cha nini kuliko yeye, maana wewe ndiye uliyemweleza kabla hajapiga msumari wa kwanza. Alitembea saa nzima na koti zito juani, akapita kanisa lake, akaja kukaa pale. Nawe umemnyanyua mara tatu. Mara ya tatu mkampigia na makofi.

Semina na iendeshwe na mwingine. Barua hii ikikufikia, funga duka uende. Usiniandikie mpaka uwe umemwona kwa macho yako.

Wala usiniulize nimejuaje.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sote wazima hapa nyumbani. Sina habari nyingine ya kuanzia.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini Machi. Nikikuambia nilifunga duka nikaenda, nitakuwa nasema uongo. Nilikuwa na siku tisa kabla ya semina, na zote tisa nilizitumia kuandaa semina. Nilijiambia dada amekasirika tu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hamjui mjomba wa siku hizi. Na semina ilikwenda vizuri. Nilisimama mbele ya wahudumu arobaini nikawafundisha kutazama viatu vya mtu, kutazama anavyokaa, kusikiliza asichokisema. Halafu, ili wasisinzie, nikawasimulia kisa cha fundi anayependa kukikalia kiti alichokitengeneza mwenyewe. Walicheka sana. Dada, nilikuwa nimeshaisoma barua yako, na bado nilikisimulia. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi kabla ya jogoo.

Nilikwenda kesho yake. Anakaa bado kwenye kile chumba cha juu, mwisho wa ukumbi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye msumari, kwa sababu hawezi tena kuuzungusha ufunguo. Nilibisha, akasema ingia, usikaze kamba.

Alikuwa amekaa kitandani na koti mwilini. Chini ya koti hana shati. Mikono yake inatetemeka, Dada, yote miwili, wa kulia zaidi, inatetemeka hata akiwa ametulia kimya. Aliponiona akaikalia, akaweka mapaja juu yake, kama mtu anayebana karatasi isipeperuke. Hawezi kushika kijiko. Chai anaimimina kwenye sufuria pana, anainama, anainywa na mdomo. Kifundo cha mkono kina alama ya kuungua. Ndevu amezikata kwa mkasi, upande mmoja tu. Kifungo pekee anachoweza kukifunga ni kile kikubwa cha koti, na ndiyo sababu ya koti. Mtu aliyekuwa akichonga maungio ambayo hayapitishi hata unywele, sasa kifungo cha shati kinamshinda.

Wakati nimesimama pale sijui la kufanya, akaingia mama mmoja muuza mboga, anakaa chumba cha chini. Kaleta mkate umeshakatwa vipande vidogo. Tangu Novemba anamletea kila jioni. Hana beji ya uhudumu, hajawahi kuhudhuria semina, alisikia tu sufuria ikianguka chumba cha juu mara mbili kwa siku moja akapanda kuuliza. Akanitazama akasema, "Wewe ndiye yule mpwa wake wa kanisani? Ametusimulia. Anasema una kipaji cha kusaidia watu."

Alipotoka nilitaka kumwambia mjomba anisamehe. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Badala yake nikamwuliza, "Mjomba, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Nilikaa."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nilianza kupanga vitu ili nisimtazame. Shati lako liko pale rafuni, kwenye karatasi yake, na pini zake. Na chini ya shati nikakuta karatasi saba. Zote zinaanza na wewe, "Mpwa wangu mkubwa," halafu mwandiko unakimbia kama umesukumwa, mstari unashuka mpaka unaanguka nje ya karatasi. Nikamuuliza ni nini. Akasema alikuwa anajaribu kukuandikia mwaka jana, nyingi ziliharibika, moja aliituma.

Dada, uliipata?

Nimemwomba ahamie kwetu. Amekataa. Anasema hataki kuwa mtu wa kumi na mbili kwenye hesabu yangu. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nakwenda kwake, namchemshia chai, namnyoa, namvalisha. Hilo anakubali. Zaidi ya hapo anasema asante, nenda kazini. Sijui nitamtoaje mle ndani aliko peke yake kabla hajaanguka na jiko.

Kijiti


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako hajambo. Mashuka tuliyamaliza. Kila ninaloliandika hapa juu naliandika ili nichelewe kufika hapa chini.

Niliipata. Ilinifikia Novemba. Bahasha ilikuwa na anwani iliyoandikwa na mtu mwingine, nadhani ni yule muuza mboga wako, lakini ndani ni mkono wa mjomba, mistari minne iliyolala upande. Nikajiambia ameandika akiwa juu ya gari linalotembea. Mjomba, ambaye hajapanda gari miaka mitatu. Mstari wa kwanza salamu. Wa pili, karakana ameifunga. Wa tatu, "Je, kwako pana kona?" Wa nne sikuweza kuusoma, na nilishukuru, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba sikuweza kuusoma, kwa sababu nilipata pa kujificha. Nikasema barua haisomeki. Nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Nilisoma, Kijiti. Nilisoma vizuri sana. Nikaviona vyumba vyangu viwili na ngazi zangu na kikohozi cha shemeji yako, na mjomba anavyokoroma mpaka sisi watoto tulikuwa tunamhesabia. Nikamwona amekaa jikoni kwangu mchana kutwa anatazama mikono yake. Nikafanya kile ninachojua kufanya. Nilikwenda sokoni nikanunua kitambaa kizuri, nikamshonea shati lenye vifungo tisa, vidogo vya mviringo, na kila kifungo nilichokishona nilijiambia, hili ndilo jibu lako, mjomba, sijakusahau. Nimemtumia vifungo tisa mtu aliyeniandikia barua ambayo kila herufi yake inatetemeka. Mimi, mshonaji. Hakuna mwingine ambaye angeweza kufanya kosa hili.

Ulipoandika kwamba amevaa koti kwenye joto, nilijua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Ndipo nikakutuma wewe ukaone nilichokuwa nimekwisha kukiona. Zile barua kali nilizokuandikia sikukuandikia wewe. Nyani haoni kundule. Wewe hukumtambua. Mimi nilimtambua, nikamfungia kwenye kopo. Nikipiga magoti jioni najaribu kujua ni lipi baya zaidi, na sipati jibu la kunipendeza.

Juzi nilimwonyesha shemeji yako ile barua. Alikuwa hajui lolote. Nilikuwa namwekea maneno mdomoni miezi sita, "mume wangu hatakubali, mume wangu kifua chake." Aliisoma akashusha miwani akasema, "Mbona hukuniambia tangu Novemba? Ningetengeneza kitanda." Halafu akaenda nje kuvuta, waziwazi, na sikumwambia kitu.

Nimeweka kwenye kifurushi hiki mashati matatu. Yanavaliwa kichwani, shingo pana, hayana kifungo hata kimoja. Nimeomba ruhusa kazini, nitakuja Julai. Mwambie kona ipo. Ilikuwepo siku zote.

Msomee barua hii yote, usiruke hata mahali panaponiaibisha.

Dada yako


3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako na watoto wanakusalimu, meno ya binti mkubwa yameota, makubwa kuliko mdomo. Daktari amemwona mjomba, amempa dawa, mikono imepungua kutetemeka kidogo. Haitapona, lakini sasa anashika kikombe kikiwa nusu. Mwambie shemeji aendelee kuvuta nje.

Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza uso kautazamisha dirishani. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale penye vifungo. Nikarudia. Akasema, "Ni kumi. Kuna kimoja cha akiba ameshona kwa ndani." Alivihesabu, Dada. Alipolipokea lile shati alikaa nalo siku nzima akijaribu, akafika cha tatu. Kisha akalirudisha kwenye karatasi na kuchomeka pini zilezile, zikamchukua siku ya pili. Hakutaka lionekane limeguswa, usije ukamuuliza. Akasema nikuambie shati ni zuri na limemkaa, na mstari wa nne uliokushinda kusoma ulikuwa unasema, "Usijali kama hapana." Halafu akalala, au alijifanya amelala. Mashati yako matatu anayavaa siku za kazi. Lile jeupe ni la Jumapili, na vifungo tisa namfunga mimi.

Kuhamia bado alikataa. Si kwangu, si kwako. Alisema ameshazoea.

Sasa nikwambie la Jumapili iliyopita. Nilimrudishia mchungaji beji. Akanikatalia, akasema aibu nayo ni aina ya kujitazama, nikae nayo nifanye kazi. Sikujua nifanye nini. Mjomba nilimweka safu ya tatu, akiwa na shati lako, nikarudi mlangoni. Watu walipokwisha kuingia nikaenda nikakaa kwenye kile kiti.

Nilikaa ibada nzima. Mhudumu mwenzangu mmoja, muuza maziwa, mtu mwema usiyemfikiria mabaya, alipita akanong'ona, "Kiongozi, unakikagua?" akaendelea na safari yake. Mwingine alinipungia mkono. Wa tatu aliniletea kikapu cha vitabu vya nyimbo nikishike, kwa kuwa nimekaa. Dada, kutoka pale mtu anaona migongo ya watu wote, na kila mgongo unaonekana umeshiba. Nikafikiria saa nzima ya kutembea na koti. Nikafikiria namna yeye alivyocheka nilipomwambia anyanyuke awaachie wenye shida. Jumapili mbili alinichekea ili nisione haya mimi.

Ibada ikaisha, watu wakatoka. Nikaona viatu vya mjomba vimesimama mbele yangu. Aliinama taratibu, unajua mgongo wake, akaniwekea mkono begani, na nikausikia unatetemeka mpaka kwenye shingo yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tulivyofundishana, "Una shida gani?"

Nikasema, "Nisamehe, mjomba."

"Sikukuuliza kosa," akasema. "Kosa nalijua. Nimekuuliza shida."

Muuza maziwa alikuwa anafunga madirisha. Mwishowe nikamwambia, "Sioni, mjomba. Watu wanakuja mpaka mbele yangu na siwaoni."

Hakunifariji. Alitikisa kichwa kama anavyofanya akipewa vipimo vya mlango, kwamba amesikia, kwamba kazi anaijua. Akasema, "Haya. Hiyo ni shida ya kweli. Basi nitahamia kwako, nikae nawe mpaka uone."

Amekuja jana na sanduku moja na randa yake, ambayo hawezi kuitumia na hakutaka kuiacha. Njoo Julai, utatukuta wote wawili.

Mdogo wako,
Kijiti